Kivuli Niliyempunguzia Nguvu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Mchoraji wa ofisini ndiye aliyenishauri. "Wewe mambo yako yote unayaweka tumboni," alisema, "siku moja yatakuchachia humo." Basi nayatoa.

Kazi yangu ni kupima mapigano. Kampuni yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo, na tunatengeneza mchezo wa video ambao mtu anachagua fani yake kisha anaingia vitani na wenzake. Ngao yuko mbele: anapiga kelele, maadui wanamkasirikia yeye na kuwaacha wengine. Tabibu yuko nyuma, anaponya, lakini akiponya lazima asimame palepale. Mshale anaumiza kutoka mbali. Kivuli anajificha asionekane, anazunguka, anachoma mgongoni. Mimi ndiye ninayeamua pigo la huyu liumize kiasi gani na yule apumzike sekunde ngapi kabla ya kurudia. Watu hucheka wakisikia, maana mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Jogoo wa jirani akinikazia macho napita njia nyingine.

Kanuni yangu ni moja: kila fani iwe na kitu inachokiogopa. Ngao anaogopa sumu, kwa kuwa sumu haizuiwi na chuma. Mshale anaogopa yeyote aliyemkaribia. Tabibu anaogopa Kivuli. Na Kivuli? Yeye alitakiwa aogope kukosea, akikosa pigo la kwanza abaki wazi mbele ya watu. Lakini wajanja wamegundua kwamba anaweza kujificha tena papo hapo, mara nyingi apendavyo. Anaua, anapotea, anaua, anapotea. Haogopi kitu. Matabibu wanauhama mchezo mmoja mmoja, na vita visivyo na tabibu ni machinjio tu.

Wiki hii nampunguzia nguvu.

Alhamisi, 6 Machi

Ninaishi na mdogo wangu wa kiume. Nimemlea tangu mama afariki, na sasa ana ndevu na bado tuko nyumba moja. Namwita Waziri, kwa sababu yumo serikalini mwangu ila hana wizara. Anatafuta kazi asubuhi, na mchana kutwa anacheza mchezo wetu. Anacheza Kivuli. Ana kundi lake alilolianzisha mwenyewe, na humo ndani, nasikia, akikohoa watu wanasimama.

Jioni wakati wa kula aliniuliza, "Dada, mtamgusa Kivuli?"

"Nani kakwambia?"

"Watu wanaongea."

"Mambo ya kazini siyaleti mezani."

"Kwa hiyo ndiyo." Akacheka, akainuka, akaosha vyombo bila kuombwa. Nilishangaa mpaka nikasahau kumshukuru.

Jumatano, 12 Machi

Mabadiliko yametoka. Pigo la mgongoni lilikuwa linaumiza mara tatu, sasa mara mbili. Na Kivuli akishajificha na kuonekana tena, lazima akae wazi sekunde nane kabla ya kujificha upya. Mkuu wetu ameandika tangazo na kuweka jina langu chini yake. "Watu wanapenda kujua kwamba nyuma ya kazi kuna mtu," alisema. Nilitamani aweke la kwake.

Alhamisi, 13 Machi

Matusi. Mchoraji anayasoma kwa sauti na kuyapa alama kwa ubunifu. Aliyeniombea niote mkia alipata nane. Mkuu amesema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nilicheka pamoja nao, lakini chakula changu cha mchana nilikirudisha nyumbani kama kilivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kutwa. Waziri kalala na mlango kaufunga.

Jumatano, 19 Machi

Nimefunga madirisha yote kabla ya kuandika haya.

Saa nne asubuhi nilifungua sanduku la ujumbe la ndani ya mchezo. Kati ya matusi ya kawaida palikuwa na ujumbe wa mtu anayejiita Asiyelala. Hakutukana. Aliandika: "Koti la njano halikupendezi. Unaonekana hadi ng'ambo ya barabara."

Koti langu la mvua ni la njano. Nimelinunua Jumamosi, nimelivaa mara mbili tu. Nililitazama pale lilipotundikwa, linadondosha maji. Nilikwenda chooni, nikajifungia, nikausoma tena ujumbe ule nimesimama. Kisha nikachungulia dirishani. Chini palikuwa na watu wengi wenye miavuli, kila mmoja na shughuli zake, na sikuweza kujua ni nani kati yao aliyekuwa na shughuli na mimi.

Nilipomwonyesha Waziri jioni, alininyang'anya simu, akasoma, akabadilika uso. "Huyu mtu ana wazimu," alisema. "Kuanzia kesho nakusindikiza. Kwenda na kurudi."

"Na kazi unazotafuta?"

"Kazi zitasubiri. Dada ninaye mmoja."

Nililia kidogo. Sina aibu kusema. Siku zote nimemhesabu kama mzigo mwema, na kumbe nimejilelea mlinzi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Waziri amenisindikiza.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Waziri amenisindikiza. Tunatumia mwavuli mmoja, nimemshika mkono kama bibi kizee.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi Waziri alisema tubadili njia, tupite kwa fundi viatu, ili mtu akitufuata apotee maboya. Niliona ni akili. Saa sita ujumbe ukaingia: "Njia ya fundi viatu ina matope. Angalia usiteleze."

Nilikaa chini ya meza. Nasema kweli, chini ya meza, nimekumbatia mkoba, hadi Mchoraji alipoinama na kuniuliza kama nimedondosha kitu.

Alhamisi, 27 Machi

Tumekwenda kituo cha polisi, mimi na Mchoraji. Nilieleza vizuri kadiri nilivyoweza. Afisa aliandika, kisha akauliza, "Huyu Kivuli ana kitambulisho? Mara ya mwisho alikuwa amevaa nini?" Nikaanza upya kuanzia Ngao. Nilipofika kwa Tabibu alifunga kalamu. "Dada, zima huo mchezo, utalala vizuri."

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimesindikizwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Nimesindikizwa. Ujumbe: "Umepungua. Kula."

Jumatatu, 7 Aprili

Mkuu aliniita. Hakukaa, na mimi nikabaki nimesimama. "Nimefikiri," alisema. "Tumrudishie Kivuli nguvu zake. Mambo yatulie. Wewe mwenyewe umebaki macho tu."

"Matabibu wameanza kurudi," nilisema. "Nimeona. Jana vitani walikuwepo."

"Nami nakuona wewe. Amua mwenyewe mpaka mwisho wa mwezi. Sitakulaumu."

Nyumbani nilimwambia Waziri. Alikuwa anakata vitunguu, akaacha kisu. "Mrudishie tu, dada. Ni mchezo. Roho yako ni moja." Alisema kwa upole kiasi kwamba nilikaribia kumpigia Mkuu simu palepale. Kilichonizuia sikijui. Labda ni ukaidi, maana waoga nao wanao. Nikimpa nguvu zake kwa sababu ya hofu, basi hofu ndiyo itakayopima mapigano, na mimi nitabaki kuwa karani wake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimesindikizwa. Ofisini naona kila mtu ni mshukiwa. Mfagiaji alinisalimia nikaruka. Hata Mchoraji nilimuuliza kama aliwahi kumwambia mtu kuhusu koti langu. Alinitazama kwa huzuni, akasema, "Muulize mwingine, shoga yangu." Nilimwomba radhi. Waziri peke yake ndiye simwogopi.

Jumanne, 22 Aprili

Lazima niandike yote sasa hivi, kwa mpangilio, kabla kichwa hakijaanza kunidanganya.

Saa tano asubuhi Asiyelala aliandika: "Njoo uwanjani. Chagua fani yoyote. Raundi tatu. Nikishindwa nanyamaza. Ukishindwa, rudisha."

Mchoraji alisema nisimjibu. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa mtu asiye na umbo. Uwanjani angalau ningemwona anatembea, na mtu akitembea hujulikana. Nilichagua Tabibu. Mchoraji akashika kichwa. "Unampelekea chui mbuzi?"

"Tabibu ndiye ninayemjua," nilisema. "Anaogopa kama mimi."

Nilikuwa na mpango. Kivuli anategemea mgongo wako. Kwa hiyo nilimpeleka Tabibu wangu moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa mawe na kumwegemeza hapo. Tabibu aliyeegemea ukuta hana mgongo. Kivuli atalazimika kuja kwa mbele, ambako kisu chake ni kisu cha kawaida, na mimi nikipata nafasi ya kusimama naponya kila anachokata. Hatari ilikuwa moja, kwamba anipige katikati ya uponyaji na kuukatiza. Akiukatiza mara mbili nimekufa.

Kengele ikalia. Upande wa pili wa uwanja Kivuli alipotea. Halafu akaonekana.

Hakuna aliyemgusa. Alijificha, akajitoa mwenyewe mafichoni kufumba na kufumbua, na sasa alikuwa amesimama wazi, sekunde nane zinamdai. Alizunguka nyuma ya nguzo kupoteza muda.

Mchoraji alicheka. "Ndiye huyu anayetutisha? Hata kubonyeza hajui!"

Mimi sikucheka. Tulipokuwa watoto tulikuwa na mashine moja kuukuu ya michezo, na kibonyezo chake kikubwa kilikuwa kimelika. Ukibonyeza mara moja hakiitiki. Nilimkalisha mdogo wangu mapajani nikamfundisha: bonyeza mara mbili, haraka, ndiyo kitaitika. Mimi tabia hiyo nimeiacha kwa sababu ya kazi. Yeye mpaka leo anabonyeza mara mbili kila kitu, hata swichi ya taa. Katika mchezo wetu, kubonyeza mara mbili ni kujificha na kujitoa. Zamani haikumdhuru, aliweza kujificha tena hapohapo. Tangu tarehe kumi na mbili Machi inamdhuru. Niliwapunguzia nguvu Vivuli wote kidogo, na mmoja nikammaliza kabisa.

Nilijiambia ni bahati mbaya, watu wengi hukosea. Raundi ya pili: akapotea, akaonekana. Raundi ya tatu: akapotea, akaonekana.

Nilishinda zote tatu. Nilijua lini yuko wazi na lini hana pa kujificha, nikamsubiri pale ukutani nikijiponya taratibu, na kila alipobaki wazi nikampiga mpaka akaanguka. Mchoraji alipiga vigelegele. Ujumbe ukaja: "Bahati tu."

Saa kumi na moja niliteremka. Alikuwa pale mlangoni, chini ya mwavuli, ananisubiri. "Vipi leo, dada? Umechoka?" Akanipokea mkoba. Nilimshika mkono kwa sababu ndivyo ninavyofanya kila siku, na kama nisingemshika angejua. Tulitembea hivyo hadi nyumbani. Alikuwa mchangamfu kidogo kuliko kawaida, akanisimulia habari za paka wa jirani. Nilicheka mahali pa kucheka. Nilikuwa naogopa hata pumzi yangu isije ikabadilika akaisikia.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Nimesindikizwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Nimesindikizwa. Namtazama akila. Ana kovu kidevuni alilolipata akijifunza kutembea, mimi ndiye niliyelifunga kitambaa. Asiyelala kweli amenyamaza, kama alivyoahidi. Labda yamekwisha. Labda nisiseme neno, mambo yapite kama mafua. Hivyo ndivyo ninavyojidanganya mchana. Nikimsikia anatembea koridoni nakaza mgongo ukutani.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ilipumzika asubuhi, nikaanika mashuka uani, karibu na geti. Mchana Waziri alisinzia kwenye kochi, simu yake ikichajiwa mezani mbele yangu. Nilikuwa naitazama ile simu, nikijiuliza kama nina haki ya kuifungua, pale ya kwangu ilipotoa mlio.

Ilikuwa picha. Geti letu, na juu ya ukuta yanaonekana mashuka niliyoanika leo. Mtumaji sikumjua. Chini ameandika: "Tumefika. Rudisha."

Waziri alikuwa anakoroma. Simu yake iko mezani. Hakuwa yeye.

Nilimtikisa kwa nguvu. "Amka! Asiyelala amemwambia nani ninapokaa?"

Alifungua macho. Hakuuliza yeye atajuaje. "Umejua tangu lini?" akasema.

"Tangu Jumanne."

"Na bado ukatembea na mimi?"

"Nilikuwa naogopa kuacha. Umemwambia nani?"

Nilimpa simu. Alipoiona picha akawa wa rangi ya majivu. Nimemwona akiugua malaria, nimemwona kaburini kwa mama, sijawahi kumwona vile.

"Walinitoa kwenye kundi, dada," alisema. "Mimi niliyelianzisha. Nilikuwa nashindwa na watoto. Mwanzo nilikuwa na hasira tu, nikaandika ule wa koti, nikasema utakuwa mmoja. Halafu ukaanza kunisubiri nikusindikize. Ukanishika mkono. Tangu mama afe hujawahi kunihitaji kwa lolote."

"Kwa hiyo ukaendelea."

"Kwa hiyo nikaendelea."

"Na hawa?"

"Niliwaambia wewe ni dada yangu, kwamba naweza kukufanya urudishe. Nilitaka wanipokee tena. Wakasema nithibitishe. Niliwapa mtaa. Na rangi ya geti. Nilidhani ni maneno tu, dada. Wallahi nilidhani ni maneno tu, kama yangu."

Kisha aliruka, akafunga komeo, akalisukuma kabati hadi likaziba mlango, akaupa mgongo. "Kaa ndani. Usiogope. Mimi nipo."

Maneno kama hayo ndiyo yaliyonilaza usingizi tangu Machi. Sasa nilimtazama, mwili mzima umejaa mlangoni, na nikaona kwamba aliyeko nje nimemwogopa kwa dakika chache, na huyu amekuwa akinitisha kwa wiki nyingi na kunibebea mkoba.

"Sogeza kabati," nilisema.

"Wako nje, dada!"

"Sogeza."

Alisogeza. Nilitoka bila viatu. Miguu haikuwa yangu, ilikuwa inakwenda tu. Nilifungua geti, mvua imeanza tena, na ng'ambo ya barabara, chini ya kibanda cha duka lililofungwa, alikuwa amesimama mtu mmoja na simu mkononi. Mtu mzima, shati limenyooshwa, ana mfuko wa mboga. Nilimwendea. Nilikuwa nalia kwa sauti. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akaitia mfukoni. Halafu akaondoka. Hakukimbia hata kidogo. Alitembea kama mtu anayerudi kwa watoto wake.

"Dada, rudi ndani!" Waziri aliita kutoka getini. "Rudi!"

Nilisimama katikati ya barabara, nikashindwa kurudi. Nilimpigia Mchoraji kutoka palepale, na palepale nilimsubiri, nimelowa chapachapa.

Jumanne, 29 Aprili

Niko kwa Mchoraji. Jana tulikwenda kituoni, na Waziri alikuja kwa miguu yake, akamweleza afisa kila kitu mwenyewe, akataja na wenzake wa kundi. Afisa ni yuleyule. Safari hii hakuuliza nani kavaa nini. Waliotajwa majina polisi watawatafuta. Yule wa mfuko wa mboga hakuna anayemjua, hata Waziri.

Ijumaa, 2 Mei

Mkuu aliniuliza nimeamua nini. Nilisema Kivuli abaki alivyo. Sauti ilitetemeka lakini ilitoka yote. Mchana nilitazama uwanjani: Matabibu kila kona, wanaponya, wanakufa, wanarudi.

Shangazi alipiga simu. Amesikia. "Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu, msamehe mdogo wako." Nikamwambia, "Shangazi, nimeshamsamehe. Sijaacha kumwogopa tu." Akauliza kama huku nako kunanyesha.

Jumapili, 4 Mei

Mchoraji kaenda sokoni. Niko peke yangu, nimefunga mlango.

Saa tisa Waziri ameniandikia: "Dada, kesho naomba nije kukusindikiza. Mwisho wa mtaa tu, kama hutaki nikaribie."

Nimekaa na ujumbe huo mpaka chai ikapoa. Nampenda. Ningempa figo. Nimemjibu: "Hapana."

Ameusoma. Sasa simu inaonyesha kwamba anaandika. Ameacha. Anaandika tena.